Waya Usiotaka Shuka Mbichi

Jina lake alikuwa nalo, alilopewa na wazazi wake, lakini pale uani hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mama Miwani, na miwani yenyewe hakuwa nayo. Ukimpa karatasi asome, atapapasa kifuani, atapapasa kichwani, atageuka kutazama mezani, kisha atakurudishia. "Miwani nimeisahau ndani. Hebu nisomee wewe." Huko ndani hakukuwa na miwani. Wala macho hayakuwa na kasoro: kwa uzee wake wote ule alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano bila hata kukunja uso.

Alikuwa fundi cherehani. Vipimo vya wateja hakuviandika hata siku moja. Kila mteja alikuwa na uzi wake umening'inia msumarini, fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu mkono, na rangi ya uzi ndiyo iliyokuwa jina la mtu. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa kijani. Muuza mkaa alikuwa mweusi, hilo halina haja ya kuuliza. Watu waliona ni ufundi wa kizamani wakausifu, naye akawaacha wausifu.

Aliyejua ni mumewe peke yake, dereva wa teksi, na hata wao wawili hawakuwahi kulizungumza. Zamani sana mume alileta shati jeupe la kazi pamoja na karatasi yenye jina lake, akaomba jina lile lidariziwe mfukoni. Mama Miwani akalinakili kama anavyonakili ua au jani, nyuzi zikalala vizuri, zimebana, hakuna hata moja iliyochomoza. Ila karatasi alikuwa ameishika juu chini. Mume akalivaa. Akalivaa siku ile na miaka yote iliyofuata, na abiria wakicheka anawaambia, "Hili si lenu. Nimeandikiwa mimi. Nikiinamisha kichwa najisoma vizuri kabisa."

Haya Mama Miwani aliyasikia msibani, wakati abiria mmoja wa zamani alipokuwa akisimulia habari za marehemu mumewe na watu wakicheka huku wanajifuta machozi. Akacheka nao. Kisha akaingia chumbani, akalitoa shati sandukuni, akaligeuza huku, akaligeuza huku, na hakuona ubaya wake uko wapi. Hapo ndipo palipomchoma. Kukosea anakosea kila mtu. Lakini yeye alikuwa ameshaambiwa kosa, analo mkononi, na bado halioni.

Gari la marehemu lilibaki uani, pua imegusa ukuta, matairi yamekaa chini. Injini ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe, lakini redio ilikuwa nzima, redio ya zamani yenye kitufe cha masafa mafupi, ambayo mume alizoea kusikilizia vituo vya mbali huku akingoja abiria. Mchana mmoja Mama Miwani aliingia kufuta vumbi. Akageuza ufunguo kidogo, kwa mazoea tu, akawa anapangusa vitufe kimoja kimoja, na katikati ya mikwaruzo ikatoka sauti ya mwanamume mwenye kikohozi.

"Chora fimbo iliyosimama. Umechora? Sasa fimbo hiyo itoe tumbo, upande wa kulia, chini. Tumbo la mtu aliyeshiba." Mwanamume akakohoa, akanyamaza, kama anayesubiri watu wamalize.

Mama Miwani alikuwa na chaki yake ya ufundi nyuma ya sikio na kipande cha kitambaa cheusi mapajani. Hata yeye hakujua ameanza saa ngapi, ila alipoangalia chini aliona fimbo, na tumbo. Kisha sauti ikadidimia, mikwaruzo ikarudi.

Akaja kugundua kwamba masomo yale yanatangazwa kila siku ya kazi, mchana, baada ya taarifa ya habari, kutoka nchi ya mbali. Redio yake ndogo ya chumbani haikuyashika, ile ilishika vituo vya karibu na muziki. Na hata ingeyashika, kuta za chumba zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwombea afya. Ilikuwa ni garini, vioo vimefungwa, au asiyasikie kabisa.

Tatizo likawa antena. Ile ya gari ilikuwa imevunjika siku nyingi, kimebaki kisiki kifupi juu ya bodi. Akachomeka ubavu wa mwavuli. Muziki ukaja vizuri sana, mwalimu hakuja. Akajaribu waya wa kutundikia nguo kabatini, akaukunjua wote. Mwalimu akaja neno moja, akaondoka na mengine kumi. Basi akajifunga nguo yake ya kutokea, akaenda kwa fundi redio.

"Kuna mtu ananiuliza," alisema, akijifanya anatazama spika zilizojaa ukutani. "Ana redio ya gari. Masafa mafupi hayashiki."

"Huyo mtu ameweka antena gani?"

"Ubavu wa mwavuli."

Fundi redio aliweka chini risasi yake ya kulehemu ili acheke vizuri. "Mwambie mwavuli ni wa mvua. Masafa mafupi, mama, yanataka waya mrefu."

"Mafupi yanataka mrefu."

"Ndiyo."

"Na marefu yanataka mfupi, sivyo? Fundi, nimekuja kuuliza, sikuja kuchezewa."

"Mama, si mimi niliyeyapa majina." Akaegemea meza akamweleza taratibu. Waya uwe mrefu, kama kutoka pale dukani mpaka kwa kinyozi. Uvutwe juu, hewani. Ncha moja iingie katikati ya kile kisiki cha antena, na isiguse bodi ya gari hata kidogo. Ncha ya pili isiguse chuma wala ukuta, ifungwe kwa kitu cha mpira. "Ikigusa tu, sauti yote inateremka ardhini. Redio itawaka, lakini itakuwa bubu."

"Nitamwambia."

"Mwambie na betri ailete niichaji. Asiibebe kichwani, tindikali itamchoma."

Betri ililetwa kesho yake kwa mkokoteni, imefunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala. Fundi redio aliipokea, akauliza tu, "Mtu wako hajambo?" Akajibiwa kwamba hajambo, na mambo yakaishia hapo.

Sasa ona kiburi kinapoweza kumfikisha mtu. Mtu mwingine angevuta waya wake akasema ni wa redio, basi. Lakini Mama Miwani aliwaza: nikisema redio wataniuliza redio gani, nikisema ya gari wataniuliza unasikiliza nini humo. Kamba ya kuanikia nguo pale uani ilikuwa imeoza na kukatika. Akapanda kiti, akavuta waya wake wa shaba kutoka nguzo ya chuma mpaka pembe ya paa karibu na gari. Mpira wa baiskeli hakuwa nao, ila lastiki za kiuno alikuwa nazo robota zima, akazikunja zikawa nene kama kidole, akafunga kila ncha. Kipande kilichobaki akakishusha kimyakimya mpaka kwenye kisiki. Akateremka, akajipangusa mikono, akawatangazia walimwengu kwamba amewaletea kamba mpya ya nguo.

Mlango wa pili aliishi Mama Mashuka, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa akifua shuka za nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Alimshika mikono yote miwili. "Jirani, wewe ni mtu. Mungu akulipe." Mama Miwani akaupima waya kwa macho, akampima na jirani yake, akajua amejitega mwenyewe. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mchana ule wa kwanza mwalimu alikuja kama amekaa kiti cha nyuma. Hata mate alipoyameza yalisikika. Mchana wa pili zikaja shuka. Lastiki zikavutika, waya ukainama, shuka mbichi ikakaa juu ya paa la gari imejinyoosha, na mwalimu akazama akiwa katikati ya neno.

Mama Miwani akatoka. "Shoga, hizi shuka huwezi kuanika asubuhi?"

"Wageni wanaamka saa wanayotaka wao. Nikawavue wamelala?" Mama Mashuka akauvuta waya kwa kidole, ukarukaruka. "Na hii kamba yako mbona inacheza ngoma?"

"Ni ya kisasa."

Basi akabuni njia. Kabla ya somo anatoka na kapu, anajaza waya wote nguo zake mwenyewe, kavu, nyepesi, mwanzo mpaka mwisho. Nguo kavu hazikumdhuru mwalimu. Akitoka garini anazianua.

"Leo umefua hata koti la marehemu?" aliuliza Mama Mashuka, beseni kiunoni.

"Nimefua."

Mama Mashuka akaushika mkono wa koti. "Limekauka."

"Jua kali."

Wote wawili wakatazama juu. Mawingu yalikuwa yamejaa tele.

Ndani ya gari kazi iliendelea. Mama Miwani hakuwa mwanafunzi mpole. Mwalimu akisema "rudia baada yangu" alirudia, lakini alikuwa na ya kwake pia. "Usiniharakishe." "Hilo umeshasema jana." "Sasa hapo umekohoa, mimi nitajuaje?" Ba, be, bi, bo, bu, akitingisha kichwa, akichora kwa chaki, akifuta kwa kiganja. Vioo vilifungwa, lakini gari lenyewe kuukuu, mpira wa milango umekwisha, na ingawa redio aliipunguza, sauti yake mwenyewe ilipenya nje.

Siku moja Mama Mashuka alimgongea kioo, akampa kikombe cha chai, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ilisikika mpaka barabarani, ilikuwa chini.

"Kunywa kwanza. Halafu... umsalimie."

"Nimsalimie nani?"

"Mzee." Akainamisha macho. "Sisi wote tunajua, jirani. Hakuna anayekucheka. Mtu mmekaa naye maisha, huwezi kuacha kuongea naye ghafla. Nami kuanzia leo saa hizi sianiki. Hata jua lizame."

Mama Miwani alishika kikombe, mvuke wa chai unampanda usoni. Angeweza kusema kweli palepale. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alipima haraka, kama anavyopima kitambaa kwa jicho: mjane anayezungumza na mumewe ni mtu wa kuheshimiwa, watu wanampisha njia. Fundi mzima aliyeshonea mtaa mzima, asiyejua kusoma, ni kitu gani huyo?

"Salamu zitafika," akasema.

Tangu hapo waya ulikuwa mtupu kila mchana, na mwalimu akaja safi kama kengele. Watu walipita uani wakinyata. Mama Miwani akapita herufi hii, akapita ile, akaanza kuzishonanisha mbili mbili, tatu tatu. Akienda dukani aliweza kutambua vipande vya maneno kwenye mifuko ya unga na vibao vya njia, kama mtu anayeona nyuso za watu anaowafahamu katika umati wa wageni. Ilikuwa furaha yake peke yake, hakuwa na wa kumwambia.

Lakini kila alipofunga mlango wa gari alijilaumu. Aliona amemchukua marehemu akamfanya pazia la siri yake. Mtu yule alikuwa mkweli, hata kwenye nauli. Na tena, ukweli mwingine ni huu: hakuwa ameongea naye hata mara moja mle garini. Mwalimu hakumpa nafasi. Wengine walikuwa wakimlilia mumewe kwa niaba yake, naye yuko ndani anagombana na kikohozi cha mtu mwingine.

Maneno yakafika kwa mwanawe, karani wa bohari aliyeishi upande wa pili wa mji. Nani aliyempelekea, hilo halina maana, yalipelekwa kwa mapenzi. Mtoto akakosa raha. Akaona mama yake anapotea taratibu ndani ya lile gari, na dawa ni moja, gari liondoke.

Alikuja mchana, bila taarifa, na gari la mizigo na dereva wake na kamba nene ya kukokotea. Mama Miwani alikuwa ndani, somo ndio kwanza limeanza. Mwalimu alikuwa akieleza herufi mpya, na Mama Mashuka, kwa kutaka kusaidia, akaona ule waya utazuia njia ya kupitisha gari. Akaufungua nguzoni. Waya ukaanguka juu ya bodi. Mwalimu akakatika kama aliyezibwa mdomo.

Mama Miwani akainua macho, akamwona mwanawe dirishani. Akateremsha kioo kidogo, kiasi cha kupitisha maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani ameugusa waya wangu?"

"Mama, shuka kidogo."

"Sishuki."

"Hili gari nalipeleka gereji. Nitalitafutia mtu." Sauti yake ilikuwa laini, ile ambayo watu hutumia kuwasemesha wagonjwa, na hiyo ilimkera kuliko kamba. "Mama, baba ameondoka."

"Najua ameondoka. Nilikuwepo."

"Sasa humu unaongea na nani?"

Dereva wa gari la mizigo alikuwa ameinama anatafuta mahali pa kufunga kamba, naye akatulia. Mama Mashuka alisimama na ncha ya lastiki mkononi. Mama Miwani akatazama kitambaa cheusi mapajani, kina nusu ya herufi, kisehemu cha juu tu, hajui inakwenda wapi chini. Mkono wake, wenyewe tu, ukapanda kifuani kupapasa miwani. Akauona unavyopapasa. Akaushusha.

Akisema anaongea na marehemu, gari linaondoka. Akinyamaza, linaondoka. Na likiondoka, nusu ile ya herufi itabaki nusu mpaka aingie kaburini.

"Naongea na mwalimu," akasema.

"Mwalimu gani?"

"Wa redio. Ananifundisha kusoma. Sijui kusoma, sijawahi kujua. Sasa ondokeni hapo, yeye huko anaendelea na mimi nabaki nyuma."

Aliyepata sauti kwanza ni Mama Mashuka, na ilikuwa ile sauti yake ya siku zote, imerudi yote.

"Ngoja. Kwa hiyo shuka zangu nilikuwa naondoa kwa heshima ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Mwalimu mwenyewe sijamwona."

"Na mimi sijamwona."

"Na salamu zangu ulimpa nani?"

"Bado ninazo."

Mama Mashuka akamtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na haikujulikana mara moja kama ni kilio au kicheko, mpaka alipolazimika kushika nguzo. Mama Miwani hakucheka. Alisubiri aone kama ndani ya kicheko kile kuna kidole kinachomnyooshea. Hakukiona, au kama kilikuwepo kilikuwa kidogo, cha kuvumilika.

Mwanawe bado alikuwa dirishani. "Mama, zile ripoti zangu za shule. Ulikuwa unazishika, unaziangalia mpaka chini, unaniambia hesabu nimezembea. Na kweli nilikuwa nimezembea. Ulikuwa unasoma nini?"

"Uso wako. Haukuwahi kunidanganya."

"Nilichapwa kwa sababu ya uso wangu."

"Ulichapwa kwa sababu ya hesabu. Haya, panda juu ya hilo gari la mizigo unirudishie waya. Usishike shaba, shika lastiki. Ukigusa chuma mimi sisikii kitu."

Karani wa bohari, na shati lake la ofisini, akapanda. Mama Mashuka akampa ncha. Waya ukanyooka, ukatoka kwenye bodi, na mwalimu akarudi ghafla katikati ya kikohozi, kwa nguvu, uani wote wakamsikia. Dereva wa gari la mizigo akasogea karibu asikilize, na Mama Mashuka akaikazia macho kamba aliyokuwa ameiacha chini.

"Hiyo kamba yako, kazi yake si imekwisha?"

"Kamba ni yangu, mama."

"Nani amesema si yako? Utaichukua shuka zikikauka. Nivutie kutoka pale mpaka pale, na uikaze, maana nimechoka na kamba za kisasa."

"... mstari unashuka," mwalimu alikuwa akisema, "unashuka mpaka chini ya wenzake, halafu unakunja mkia. Umekunja? Mkia wako umeelekea wapi?"

"Kulia," akajibu Mama Miwani kwa sauti, mbele ya watu wote.

Mwanawe, mikono juu, lastiki mkononi, akavuta pumzi kutaka kusema.

"Wewe hujaulizwa," mama yake akamwambia bila kugeuka.

Mwalimu akakohoa. Akasema mkia unakunja kushoto. Mama Miwani akautazama mkia wake muda kidogo, akaufuta kwa kiganja, akapandisha kioo, akauchora tena.